Soma Sarafu Yako Kabla ya Kuitoa

MASOMO YA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA
Somo la 17

Kwa kiongozi wa darasa: Kabla ya kufungua redio, mwombe kila mwanafunzi alete sarafu alizo nazo, za zamani na za sasa. Kama iko sumaku ndogo, ilete pia. Andika ubaoni maneno haya matano: sarafu, rupia, hela, tundu, bandia.

  Katika somo lililopita tulisoma barua na risiti. Leo tutasoma kitu kidogo zaidi, kitu ambacho kila mmoja wenu amekishika tangu utotoni, na pengine hajapata kukisoma hata siku moja. Kitu hicho ni sarafu.

Tafadhali kila mtu atie mkono mfukoni, au afungue fundo la kanga, atoe sarafu moja. Itazame. Usiseme, "Hii ni mia mbili," kwa sababu ya ukubwa wake au rangi yake tu. Asiyejua kusoma naye huzitambua fedha kwa njia hiyo. Wewe sasa unajua herufi na tarakimu. Basi isome.

Kwa nini nawaambia msome sarafu? Kwa sababu katika nyumba nyingi za nchi yetu kuna mkebe, au sanduku la marehemu babu, au kitambaa kilichofungwa, na ndani yake zimo fedha za zamani. Mara nyingine sarafu ya namna hiyo huchanganyika na nyingine ikarudi kwetu katika chenji. Baadhi ya fedha hizo hazina thamani kubwa. Nyingine zina thamani kuliko mwenyewe anavyodhani. Wako watu wanaojua tofauti hiyo, nao hupita mlango kwa mlango wakinunua kwa bei ndogo kutoka kwa wasiojua. Nao wako wengine wabaya zaidi, ambao huuza uongo. Mtu anayeweza kusoma sarafu hadanganyiki kwa urahisi na hao wala na hawa.

MAMBO MANNE YA KUSOMA

Kila unaposhika sarafu, tafuta mambo manne: jina la nchi, kiasi, mwaka, na jina au sura ya mtawala.

Tuanze na chenji ya siku hizi. Mwenye shilingi 500 aigeuze. Upande mmoja ataona nyati. Upande wa pili ataona sura ya Mzee Karume. Mwaka ulioandikwa ni 2014, maana ndio mwaka sarafu ya mia tano ilipotolewa. Mwenye shilingi 200 ataona simba wawili. Sarafu hiyo ilianza mwaka 1998. Mwenye shilingi 100 ataona swala wakikimbia na sura ya Mwalimu Nyerere. Mwenye shilingi 50 ataona faru na mtoto wake.

(Kituo. Kila mwanafunzi amsomee jirani yake mambo manne ya sarafu yake.)

Vizuri. Sasa turudi nyuma. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwaka 1966, na mwaka huohuo zilitoka sarafu za kwanza za Tanzania. Ziko nne. Senti 5 ilikuwa na samaki aitwaye sulisuli. Senti 20 ilikuwa na mbuni. Senti 50 ilikuwa na sungura. Shilingi moja ilikuwa na mkono ulioshika mwenge. Zote zilikuwa na sura ya Mwalimu. Wazee darasani watakumbuka walichoweza kununua kwa fedha hizo. Leo hazinunui kitu dukani, lakini ukizikuta usizitupe. Zilitengenezwa kwa wingi kwa miaka mingi, kwa hiyo zilizochakaa hazina bei. Lakini ile ambayo haikusagika, ambayo unaweza kuhesabu manyoya ya mbuni, hiyo wakusanyaji wa sarafu huitafuta.

FEDHA YENYE TUNDU

Kabla ya mwaka 1966 Tanganyika, Kenya na Uganda zilitumia fedha za namna moja, zilizotolewa na Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki. Bodi hiyo iliundwa London mwaka 1919. Zanzibar ilijiunga mwaka 1936.

Senti 1, senti 5 na senti 10 za Bodi hiyo zilikuwa za shaba nyekundu, zenye tundu katikati na pembe za ndovu kandokando. Tundu lile lilikuwa na kazi. Mtu aliweza kupitisha uzi akazifunga fedha zake pamoja, akazibeba njiani bila mfuko.

Kwa sababu ya tundu, hapakuwa na nafasi ya kuweka kichwa cha mfalme. Badala yake waliandika jina lake kuzunguka ukingo. Hapa ndipo kusoma kunapotufaa. Andikeni ubaoni majina haya kama yalivyo kwenye sarafu:

GEORGIVS V
EDWARDVS VIII
GEORGIVS VI

Msishangae kuona herufi V mahali pa U. Maneno hayo ni ya Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, nao waliandika U kama V. Herufi zinazofuata jina ni tarakimu za Kirumi. V ni tano. VI ni sita. VIII ni nane. Basi tunasoma: Joji wa Tano, Edward wa Nane, Joji wa Sita.

Sasa tazameni jina la katikati, Edward wa Nane. Huyu alikuwa mfalme wa Uingereza tangu Januari hadi Desemba mwaka 1936. Hakumaliza hata mwaka mmoja. Alitaka kumwoa mwanamke aliyekuwa amekwisha kuachana na waume, serikali yake ikakataa, naye akaacha ufalme. Kule Uingereza kwenyewe fedha zenye sura yake zilikuwa bado zinaandaliwa, zikasimamishwa. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki hazikuhitaji sura. Zilihitaji jina tu. Kwa hiyo zilitengenezwa zikaletwa huku, zenye mwaka 1936 na jina la mfalme ambaye Waingereza wengi hawakupata kuliona kwenye fedha zao. Mwuza samaki wa Bagamoyo aliweza kuwa na fedha za Edward wa Nane mkononi, na mwenye duka wa London hana.

Je, senti kumi hiyo ina thamani kubwa? Sikilizeni jibu kwa makini, maana hapa watu wengi hukosea. Mwaka 2020 sarafu moja ya dhahabu yenye sura ya Edward wa Nane iliuzwa kwa pauni 1,000,000. Lakini senti kumi yake yenye tundu huuzwa kwa bei ndogo. Mfalme ni yuleyule. Tofauti ni kwamba zile za dhahabu zilizotengenezwa ni chache sana, na senti kumi zilitengenezwa kwa mamilioni. Basi shikeni kanuni ya kwanza: uzee peke yake hauleti bei, wala jina kubwa peke yake halileti bei. Kinacholeta bei ni kwamba ni chache, ni nzuri, na wako watu wanaozitaka.

SHILINGI MBILI ZINAZOFANANA

Sasa nitawaonyesha kwa nini mwaka ni jambo kubwa.

Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na simba amesimama mbele ya milima. Tuseme unazo mbili mezani. Zote zina simba. Zote ni za Joji wa Sita. Ukubwa ni mmoja. Ukizitazama kwa mbali utasema ni mapacha. Moja imeandikwa 1942. Nyingine imeandikwa 1952.

Ile ya 1942 ndani yake mna fedha halisi, yaani yale madini meupe ambayo sonara hufulia bangili. Si fedha tupu. Robo yake ni fedha, na sehemu tatu ni madini mengine. Ile ya 1952 haina fedha hata kidogo. Ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Shilingi zilizotolewa kuanzia mwaka 1921 hadi mwaka 1946 zina robo ya fedha. Kuanzia mwaka 1948 hazina. Na senti 50 za simba, ambazo wazee wetu waliziita thumuni, ni vivyo hivyo.

Ndugu zangu, hapa macho hayatoshi. Hakuna njia rahisi ya kuzitenganisha ila kusoma tarakimu nne.

(Kituo. Kiongozi aandike ubaoni miaka hii: 1924, 1937, 1944, 1949, 1950. Darasa liseme ni shilingi za miaka ipi zenye fedha ndani.)

RUPIA, PESA NA HELA

Kabla ya shilingi palikuwa na rupia. Wajerumani walipotawala, Kampuni yao ya Afrika Mashariki ilitoa rupia za fedha kuanzia mwaka 1890. Upande mmoja yupo Kaizari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya vita yenye tai juu. Jina lake limeandikwa kwa Kilatini: GUILELMUS II. Upande wa pili wa zile za kwanza yupo simba na mti wa mnazi. Zile zilizotoka kuanzia mwaka 1904, baada ya serikali kuchukua kazi ya kutoa fedha, zina maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, maana yake Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Kampuni ile ilitoa pia pesa ndogo za shaba. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Upande mmoja wa pesa una tai na maneno ya Kijerumani. Upande wa pili una maandishi ya Kiarabu, kwa sababu watu wa pwani walikuwa wakisoma hati za Kiarabu. Mwaka nao umeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, na ni mwaka wa Hijra: 1307, 1308 au 1309. Mtu asiyejua atasema sarafu hiyo ina umri wa zaidi ya miaka mia saba. Siyo. Mwaka 1307 wa Hijra uliangukia mwaka 1889 na 1890 kwa hesabu ya Kizungu. Msikubali mtu awauzie pesa ya Mjerumani kwa kudai kuwa ni ya zama za Kilwa.

Mwaka 1904 hesabu ya pesa 64 ikaachwa. Rupia ikagawanywa kwa mia, na kila sehemu ikaitwa "heller." Wazee wetu walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa hela. Wajerumani walikwisha kuondoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na heller zao hazinunui kitu, lakini mpaka leo mtu akikosa nauli husema, "Sina hela." Sarafu imekufa, jina limebaki.

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli zilikuwa haziwezi kuleta fedha kutoka Ujerumani. Basi Wajerumani walitengeneza fedha zao Tabora, katika karakana ya reli. Walitengeneza hela 5 na hela 20 za shaba, na pia rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo na milima. Dhahabu yake ilitoka machimbo ya Sekenke. Fedha za Tabora zina herufi ndogo T. Mwezi wa Septemba mwaka uleule majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi ile ikawa imekwisha.

Hela 20 za Tabora zilitengenezwa nyingi, nazo bado huonekana. Rupia 15 za dhahabu zilikuwa 16,000 na zaidi kidogo tu. Ukiambiwa unauziwa moja, shuku kwanza. Za bandia ni nyingi.

Baada ya vita, Bodi ya London ilileta shilingi, na rupia moja ikahesabiwa kuwa shilingi mbili.

MWAKA UNAOWEZA KUKUDANGANYA

Nimesema mwaka ni jambo kubwa. Lakini iko sarafu moja ambayo mwaka wake haukwambii ilitengenezwa lini. Ni riale kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke mnene aliyejifunika ushungi. Mwanamke huyo ni Maria Theresa, malkia wa Austria, aliyefariki mwaka 1780. Wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu waliipenda sana fedha hiyo na kuiamini, wakawa hawataki nyingine. Basi hata baada ya malkia kufa, iliendelea kutengenezwa vilevile, na mwaka uleule 1780, kwa zaidi ya miaka mia mbili. Riale yenye mwaka 1780 yaweza kuwa imetengenezwa wakati wa Sayyid Barghash, au wakati babu yako alipokuwa kijana.

Pwani riale ilikadiriwa kuwa karibu rupia mbili, na rupia mbili ni shilingi nne. Sehemu ya nane ya shilingi nne ni senti 50. Na kwa Kiarabu sehemu ya nane ni thumuni. Sasa mnajua kwa nini senti hamsini iliitwa hivyo.

HESABU YA MKEBE WA BIBI

Tufanye hesabu. Tuseme kuna bibi mmoja mwenye mkebe. Ndani yake mna rupia moja ya mwaka 1911, shilingi tatu za simba za mwaka 1942, na senti kumi tisa zenye tundu. Kijana anabisha hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

"Bibi, nanunua vyuma vya zamani. Hivi vimekwisha kazi, lakini kwa kuwa wewe ni mzee wangu, nitakupa shilingi 5,000 kwa vyote."

Maneno matamu, na heshima ametoa. Lakini bibi huyu anahudhuria darasa. Anasema, "Subiri kwanza nisome." Anavaa miwani, anachukua penseli.

Rupia ina uzito wa gramu 11 na zaidi ya nusu, na karibu yote ni fedha. Tukitoa yale madini mengine na kusagika kidogo, tuseme ina gramu 10 na nusu za fedha. Kila shilingi ya 1942 ina gramu 2 kasoro kidogo. Shilingi tatu tuseme gramu 5 na nusu. Jumla:

10½ + 5½ = gramu 16 za fedha.

Sasa bibi anahitaji kujua bei ya gramu moja ya fedha. Bei hiyo hupanda na kushuka kila siku, kwa hiyo inafaa aulize kwa sonara, na aulize masonara wawili, si mmoja. Kwa ajili ya hesabu yetu tu, tuseme gramu moja ni shilingi 2,000.

16 × 2,000 = shilingi 32,000.

Na hayo ni madini peke yake, kama ingekuwa ni ya kuyeyushwa. Hatujahesabu senti kumi, wala mkusanyaji ambaye pengine ataipa rupia bei kubwa zaidi kwa sababu ni nzuri. Tena bibi azitazame zile senti kumi moja moja. Pengine mojawapo imeandikwa EDWARDVS. Kijana alitaka kutoa 5,000. Tofauti ni shilingi 27,000, nayo imeonekana kwa kusoma miaka miwili na kuzidisha mara moja.

Sisemi kila mnunuzi ni mwizi. Mnunuzi naye ana nauli yake na faida yake. Lakini kuuza ni hiari. Anayekuharakisha, anayekwambia "leo tu, kesho sirudi," mwache aende.

HATARI TATU

Hatari ya kwanza ni kusafisha. Mtu akikuta sarafu nyeusi hukimbilia majivu, mchanga au limau, akaisugua mpaka ing'ae. Ameiharibu. Mkusanyaji anataka sarafu na weusi wake wa miaka, pamoja na mistari yake yote. Mchanga hula mistari, na mstari ukiisha kulika haurudi. Kama ina udongo, itie katika maji safi, itoe, iache ikauke juu ya kitambaa. Basi. Ishike kwa ukingo, si kwa uso. Iweke katika karatasi, kila moja peke yake, mahali pakavu.

Hatari ya pili ni bandia. Siku hizi zinatengenezwa rupia nyingi za uongo. Chukua sumaku. Shilingi 500 yetu ya 2014 hushikwa na sumaku kwa sababu ndani yake mna chuma. Rupia ya fedha haishikwi. Ikishikwa, ni ya uongo. Lakini isiposhikwa, usiseme bado kuwa ni ya kweli. Sumaku hukataa tu, haithibitishi. Ipime kwenye mizani ya sonara. Tazama maandishi: kwenye sarafu ya kweli herufi zina kona kali, kwenye ya bandia mara nyingi zimevimba kama zimefinyangwa kwa unga. Tazama ukingo kama una alama ya kuunganishwa.

Hatari ya tatu ndiyo kubwa, nami nataka kila mtu aisikie. Wapo matapeli wanaosema kwamba rupia ya Mjerumani ina nguvu za ajabu, kwamba huvuta mchele, au huzima taa, na kwamba yuko tajiri wa mbali anayeinunua kwa mamilioni. Kwanza hutaka fedha za "kipimo," kisha za "dawa," kisha za safari. Watu wameuza mashamba kwa ajili ya uongo huo. Wengine wamebomoa kuta za nyumba za zamani na kufukua makaburi.

Ndugu zangu, rupia ni kipande cha fedha chenye uzito wa gramu 11 na nusu na zaidi kidogo. Haina nguvu nyingine. Haivuti mchele wala haizimi taa. Anayesema hivyo amekuja kukuibia. Wala usichimbe katika maboma, magofu au makaburi. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuchimbua vitu vya kale bila kibali ni kosa. Tena kaburi ni la mtu, hata kama jina lake limefutika.

FEDHA ZA SASA NAZO HUZEEKA

Kabla hatujaagana, neno moja juu ya fedha mnazoziweka leo. Mwaka 2025, kati ya mwezi wa Januari na mwezi wa Aprili, Benki Kuu ya Tanzania iliwaita watu walete noti fulani za zamani wabadilishiwe. Muda ulipokwisha, noti zile hazikuwa tena fedha halali za malipo. Aliyesoma tangazo alipeleka akapata mpya. Aliyefukia noti zake chini ya kitanda na hakusoma tangazo alibaki na karatasi.

Jambo hilo si geni. Lilitokea kwa pesa, likatokea kwa rupia, likatokea kwa shilingi za simba. Rupia angalau ina madini ndani yake, noti haina. Kwa hiyo, ukiwa na mkebe nyumbani, fungua mara moja kwa mwaka. Tenga vitu viwili. Fedha zinazotumika leo, zipeleke benki au zitumie. Fedha za zamani, ziandike kwenye daftari, na uwaambie watoto wako ziko wapi na ni nini. Sarafu nyingi nzuri zimepotea kwa sababu mwenyewe alifariki bila kusema, na waliobaki wakadhani ni takataka.

Kama sarafu ni ya ukoo, pengine haifai kuuzwa kabisa. Rupia iliyolipwa babu kwa kubeba mizigo, au riale iliyotolewa mahari, ina habari ambayo haiandikwi ukingoni. Iandike wewe, sasa kwa kuwa umejua kuandika: ni ya nani, aliipata wapi, mwaka gani. Karatasi hiyo ikae pamoja na sarafu.

MANENO YA KUKUMBUKA

Sarafu: fedha ya madini.
Fedha: neno hili lina maana mbili, mali ya kununulia vitu, na madini meupe ya sonara.
Bandia: kitu cha uongo kilichofanywa kifanane na cha kweli.
Sumaku: chuma kinachovuta chuma.
Karakana: mahali pa kufanyia kazi ya ufundi.
Hijra: hesabu ya miaka ya Waislamu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Taja mambo manne ya kusoma kwenye sarafu.
2. Kwa nini senti kumi ya Edward wa Nane haina bei kubwa, na sarafu yake ya dhahabu ina bei kubwa?
3. Shilingi ya simba ya 1944 na ya 1950, ipi ina fedha ndani yake? Umejuaje?
4. Mkebe una rupia mbili na shilingi sita za mwaka 1942. Tumia makadirio yetu ya somo la leo. Mna gramu ngapi za fedha?
5. Jirani yako amekopa fedha ili anunue "rupia inayovuta mchele." Utamwambia nini, na utamwambia kwa maneno gani asione aibu?

KAZI YA NYUMBANI

Mwombe mzee mmoja wa nyumbani ruhusa ya kutazama fedha zake za zamani. Usizichukue, usizisugue. Katika daftari lako andika nchi, kiasi, mwaka na jina la mtawala. Kisha muulize mzee alinunua nini kwa fedha hizo, uandike jibu lake kwa sentensi tatu. Tutazisoma darasani juma lijalo.

Katika somo la 18 tutasoma mizani ya mwenye duka. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.